Kupata fuawe ya mtumba kwa bei nafuu Dar es Salaam: mwongozo kwa anayeanza uhunzi

Kila anayetaka kuanza uhunzi hapa mjini huja na maswali yale yale. Fuawe, yaani chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake, inauzwa duka gani? Ni shilingi ngapi? Kipande cha reli kinafaa? Nayajibu hapa yote kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili usome, utoke nyumbani asubuhi ukiwa na mpango, na usirudi na chuma cha kujutia.

Neno la kwanza, maana ndilo litakalookoa fedha zako: unachonunua ni uzito na ugumu. Umbo ni nyongeza. Fuawe yenye pembe nzuri (ile ncha ya kukunjia chuma) lakini ya chuma dhaifu itakuchosha mkono na kukukatisha tamaa mapema. Pande la chuma gumu lisilo na sura, likisimikwa vizuri kwenye gogo, litakufulia visu, patasi, ndoano na bawaba miaka nenda rudi. Wahunzi wengi wa zamani wa Afrika Mashariki walifulia juu ya jiwe, na majembe yao yalilima. Kwa hiyo usikae mwaka mzima ukisubiri fuawe uliyoiona kwenye video.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Gololi ya beringi, kipenyo cha milimita 20 hadi 25. Omba gereji inayohudumia mitambo mikubwa. Beringi iliyokufa haina kazi kwao.
- Nyundo ndogo ya gramu 300 hadi 500.
- Futi ya chuma, na simu yenye kikokotoo.
- Tupa ndogo ya zamani, brashi ya waya na chaki nyeupe.
- Sumaku. Ya spika mbovu inatosha.
- Glavu nene na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili yadi ya skrepa ni kutafuta kidonda.
- Picha ya fuawe kwenye simu, upande mmoja na mwingine. Wauzaji wengi wataitambua kwa sura kabla ya kuitambua kwa jina.
- Mtu wa kukusaidia kubeba.

Hatua ya 1: Amua uzito unaouhitaji

Fuawe iwe na uzito wa angalau mara 20 ya nyundo yako. Ikifika mara 50, kazi inakuwa tamu. Anayeanza hahitaji nyundo ya kufulia inayozidi kilo 1, hivyo tafuta chuma cha kati ya kilo 20 na 50. Fuawe ya kilo 100 ni nzuri, sibishi, lakini usichukue mkopo kwa ajili yake.

Si kila yadi ina mzani unaoweza kuuamini, kwa hiyo jifunze kukadiria mwenyewe. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha zidisha kwa 7.85, halafu gawanya kwa 1,000. Unapata kilo. Pande la sentimita 10 kwa 10 kwa 40 lina kilo 31 na ushee. Kwa chuma cha mviringo, zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa urefu, fuata hesabu ile ile, kisha jibu zidisha kwa 0.785: shafti yenye kipenyo cha sentimita 12 na urefu wa 40 ina karibu kilo 35. Fanya hesabu hii kabla chuma hakijapandishwa kwenye mzani, ili ukiambiwa kilo 50 ujue la kusema.

Hatua ya 2: Jua bei ya kilo ya siku hiyo

Bei ya skrepa hupanda na kushuka kwa kufuata viwanda vinavyoyeyusha chuma kutengeneza nondo. Namba niliyolipa mimi haitakusaidia. Pita yadi tatu tofauti, uliza mambo mawili: wananunua kilo kwa shilingi ngapi, na wanauza kilo kwa shilingi ngapi. Usionyeshe bado unachokitaka. Hiyo bei ya kununulia ndiyo sakafu ya mazungumzo yako.

Kwa pande la chuma mbadala (aina zake ziko Hatua ya 7), mimi nashauri usivuke mara mbili ya bei wanayonunulia, au mara tatu ikiwa ni chuma kizuri kweli na kimeshakatwa kwa kipimo chako. Fuawe halisi yenye pembe na uso mzima ni habari nyingine. Hiyo huuzwa kama kifaa, na ni halali muuzaji kutaka zaidi. Lakini hata hapo, kujua bei ya kilo kunakupa pa kuanzia.

Hatua ya 3: Zunguka mahali panapostahili

Anza mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Mafundi wa vyuma wamebanana pale, na sauti ya nyundo itakuelekeza kabla hujauliza njia. Ingia kwa adabu: "Shikamoo mzee, poleni na kazi." Tazama kwanza wanagongea juu ya nini. Utaona vipande vya ekseli, shafti fupi zilizochimbiwa ardhini, vipande vya sahani nene. Hilo peke yake ni somo la bure. Kisha onyesha picha yako na uulize kama kuna mtu anayejua fuawe iliyolala bila kazi. Fuawe nyingi za kweli haziko yadi. Ziko chini ya benchi la fundi aliyeacha kazi, au kwenye kona ya karakana iliyogeuzwa ghala, na wanaojua zilipo ni wazee. Acha namba yako ya simu kwa mzee mmoja au wawili, na ukipigiwa ukanunua, mpe aliyekuunganisha chochote. Anastahili.

Baada ya hapo nenda yadi za skrepa: Vingunguti, Buguruni, Tabata, Mbagala, na zile zilizojificha nyuma ya Barabara ya Nyerere. Nenda asubuhi siku za kazi. Mzigo ukishajaa lori unaondoka, na chuma ulichokiona Jumatatu kinaweza kuwa nondo wiki inayofuata. Ukikuta kijana anayepanga mzigo, zungumza naye vizuri na umwachie picha. Yeye ndiye anayekiona kila kinachoshuka.

Wanaotafuta jino la foklifti, ule uma wa mbele unaobeba mzigo, ambalo ni chuma mbadala kizuri (Hatua ya 7), waelekee Kurasini na Chang'ombe, kwenye karakana zinazohudumia mitambo ya bandari kavu na maghala. Jino likishachakaa au likipinda halirudishwi kazini, hivyo hutupwa likiwa na chuma kizuri kabisa ndani yake.

Mwisho, fuatilia matangazo ya minada ya vifaa chakavu vya taasisi za umma na vyuo vya ufundi kwenye magazeti. Fuawe hutokea humo mara chache, na mara nyingi huuzwa ikiwa ndani ya fungu la vitu vingine. Ukiweza, ungana na fundi mwingine anayetaka hivyo vingine.

Onyo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito wote: yadi za skrepa huingia kila kitu. Mji huu umepitia milipuko ya maghala ya silaha, Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011. Ukiona chuma chenye umbo la risasi kubwa, bomba lililozibwa pande zote, au kitu kilichochongoka chenye alama usizozielewa, usikiguse, usikigonge, usikinunue kwa sababu ni kizito. Ondoka pale, waambie watu wasogee, toa taarifa polisi. Na mtungi wa gesi au shokomzoba iliyofungwa usiigonge wala kuikata.

Hatua ya 4: Ukikuta fuawe halisi, isome

Safisha ubavu kwa brashi ya waya, kisha sugua chaki ukiilaza. Maandishi yaliyofifia yatajitokeza, kwa sababu chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi. Hapa usiwe na haraka. Sogea mpaka mwanga uangukie ubavu kwa pembeni, pangusa, sugua tena.

Fuawe nyingi za zamani za Uingereza zina namba tatu zilizoachana. Ya kwanza ni handiredweiti, kila moja ratili 112 (ratili ni pauni, karibu gramu 454). Ya pili ni robo, kila moja ratili 28, na haizidi 3. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Ukiona 1 1 7, hesabu 112 jumlisha 28 jumlisha 7, unapata ratili 147, karibu kilo 67. Wapo wauzaji wanaozisoma kama kilo 117. Mweleze kwa upole, mwonyeshe hesabu, kisha muiweke kwenye mzani. Jina la Peter Wright likiwepo, pamoja na maneno "Solid Wrought", umekutana na fuawe ya Kiingereza ya kufuliwa, yenye uso wa pua, yaani chuma cha feleji kinachoweza kufanywa kigumu. Zile za Kijerumani mara nyingi zina pembe mbili, moja ya mviringo na moja bapa, na uzito wake huandikwa kwa kilo. Kwa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, usishangae kukuta ya aina yoyote kati ya hizo kwenye karakana ya zamani.

Angalia uso. Makovu madogo na kutu ya juu si tatizo. Uso ulioshuka kidogo katikati si tatizo pia. Wahunzi wengine wanaupenda kwa kunyooshea chuma. Kinachokuhusu ni haya: ufa unaotokea kingoni kuelekea ndani, bati la uso lililoanza kuachana na kiwiliwili, ambalo utaliona kama mstari mweusi chini ya uso, na alama za mtu aliyeuchomelea au kuusaga kwa mashine mpaka bati likabaki jembamba. Kingo zilizomeguka hapa na pale zinavumilika ikiwa umebaki hata urefu wa kiganja kimoja wenye kingo nzima.

Hatua ya 5: Jaribu kwa gololi

Jaribio hili ndilo litakaloamua, na usikubali kulipa kabla ya kulifanya. Weka fuawe au pande la chuma kwenye ardhi ngumu, safisha sehemu ndogo ya uso hadi chuma kionekane. Simamisha futi. Shika gololi kwenye sentimita 25, iachie bila kuisukuma, na macho yako yawe usawa wa futi. Tazama inaporudi.

Ikirudi sentimita 18 au zaidi, hicho ni chuma kizuri. Kati ya 13 na 17, kinafaa kwa kuanzia, hasa kama bei ni ya skrepa. Ikiishia chini ya 13 na kutua kwa uvivu, achana nacho kama fuawe. Rudia katikati, karibu na kingo, na upande wa pili. Ikidunda vizuri mahali pote isipokuwa sehemu moja, sehemu hiyo ina ufa ndani au bati limeachia.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. Kuangusha gololi juu ya kutu au rangi, kisha kuilaumu fuawe. Na kupima chuma kikiwa kimelala juu ya rundo la vyuma vingine linalotikisika.

Hatua ya 6: Sikiliza, kisha piga tupa

Gonga kidogo kwa nyundo ndogo, uso wote, kwa mpangilio. Fuawe nyingi nzuri hulia kama kengele. Mlio ukikatika ghafla sehemu moja, rudi hapo kwa gololi. Usiikatae fuawe kwa sababu tu hailii, maana zipo zenye kiwiliwili cha chuma cha kusubu na uso wa pua, ambazo hufanya kazi vizuri na ziko kimya. Gololi ndiyo hakimu.

Tupa: iburute pembeni mwa uso. Ikiteleza, uso ni mgumu. Ikila kidogo kwa shida, sawa. Ikila kwa urahisi kama inavyokula nondo, ni chuma laini. Kitatumika, lakini kitabonyea ukikosea pigo.

Jihadhari na chuma cha kusubu kitupu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, cha aina ya ngoma za breki na bloku za injini. Fuawe mpya za bei ya chini sana zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi nzuri, nyingi ni za chuma hicho. Palipomeguka utaona chembechembe za kijivu kama sukari. Mlio wake ni butu. Mwenye yadi akikuruhusu kugusisha grainda chini ya kitako, cheche zake ni fupi, nyekundu, zinazimika upesi, wakati pua hurusha cheche ndefu zenye mwanga wa njano au mweupe. Chuma hiki humeguka kikigongwa, na kipande kinachoruka kinaweza kutoa jicho.

Hatua ya 7: Ukikosa fuawe, nunua chuma mbadala

Wengi wenu mtaishia hapa, na nawaambia kwa moyo mweupe: si kushindwa. Nawapangia kwa upendeleo wangu.

Jino la foklifti. Hiki ndicho chuma ninachokipenda kuliko vyote kwa anayeanza. Ni pua iliyotengenezwa kubeba tani bila kupinda, hivyo inadunda vizuri. Tafuta lenye upana wa sentimita 10 na unene wa 4. Kata vipande vitatu vya sentimita 40, visimamishe vikiwa vimegusana kwa upana, uvibane kwa mikanda ya chuma na bolti mpaka visicheze hata kidogo. Unapata uso wa sentimita 10 kwa 12, na kilo karibu 38 zote ziko chini ya nyundo. Usivilaze. Chuma kirefu kilicholala kinatetemeka na kula nguvu ya pigo, kilichosimama kinairudisha. Kata kwa grainda au msumeno, polepole, si kwa gesi, kwa sababu moto wa gesi huharibu ugumu wa sehemu iliyo karibu na mkato, nayo ndiyo itakayokuwa uso wako.

Pini za ekskaveta na greda. Pini nene ya ndoo, kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 40, ina kilo kama 25. Uso wake ni mdogo, lakini mwanzoni unafua chuma cha upana wa vidole viwili, hivyo uso mkubwa ungekuwa wa kutazama tu. Ukiona fimbo ya haidroliki inayong'aa kwa kromu, kichwa chake kilichokatwa kinaweza kutumika, ila usiuweke ule ubavu wenye kromu motoni wala kuusaga bila kinga. Moshi na vumbi lake ni sumu.

Ekseli ya lori. Ile yenye sahani ya mviringo mwishoni. Isimamishe sahani ikiwa juu, shafti ikiwa imezama kwenye gogo. Gonga katikati, juu ya shafti. Pembeni sahani haina kitu chini yake.

Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Kilo 8 au 10, kikichimbiwa kwenye gogo uso mmoja ukiwa juu. Ni kidogo, nakiri, lakini kwa nyundo ya nusu kilo unaweza kufua kisu cha jikoni na ndoano bila shida. Kinapatikana hata kipya madukani Kariakoo, na mtu anaweza kuanza nacho leo jioni.

Shafti za mashine kubwa na sahani nene za chuma. Ukipata sahani ya sentimita 5 au zaidi, isimamishe kwa ukingo wake. Kwa kilo zile zile, itafanya kazi vizuri kuliko kuilaza.

Usinunue gurudumu zito la injini wala ngoma ya breki ukidhani uzito unatosha. Nyingi ni za kusubu. Ngoma ya breki iweke pembeni, itakufaa kama jiko la mkaa la kupashia chuma.

Hatua ya 8: Suala la reli, na karatasi

Sasa lile swali. Kipande cha reli, kikisimamishwa wima, kinafanya kazi nzuri sana. Lakini kipande cha reli bila karatasi usikinunue, hata ukipewa bure. Reli, mataruma, bolti na vibanio vyake ni mali ya umma, iwe ya reli ya kati, TAZARA au SGR. Anayekuuzia usiku atakuwa hayupo siku polisi wakija kwako. Na mbali na kesi, treni inabeba watu. Bolti moja iliyofunguliwa mahali fulani ndiyo inayoishia mikononi mwa mtu anayetafuta fuawe ya bei poa. Hali kadhalika mifuniko ya chemba za barabarani, vyuma vya nguzo za umeme na vipande vya madaraja. Kama una reli iliyouzwa rasmi kwenye mnada wa mali chakavu, na hati unayo, hiyo ni halali yako, itunze hati.

Kwa chuma kingine chochote, dai risiti. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anatakiwa awe na kibali, na mwenye kibali hasiti kukuandikia. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi ya mauziano: jina, namba ya simu, kitambulisho, kitu chenyewe, uzito, kiasi kilicholipwa, saini zenu na za shahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwashuhudia. Piga picha ya chuma kikiwa bado kwake. Ni dakika chache tu.

Hatua ya 9: Patana, lipa, safirisha

Usisifie. Ukisema "hii ndiyo niliyoitafuta siku zote," umepandisha bei mwenyewe. Taja kasoro ulizoziona kwa ukweli: kingo zimemeguka hapa, gololi imerudi 15, uzito ni huu kwa hesabu. Usizue kasoro isiyokuwepo. Utarudi yadi hiyo hiyo kutafuta chuma cha kufua. Kauli inayosaidia ni kama hii: "Kaka, mimi nanunua kwa kilo, na nitakuwa narudi kwako kuchukua springi za magari." Mwenye yadi anamjali mteja wa kudumu kuliko wa siku moja. Na ni kweli utarudi, maana springi za magari ndizo malighafi ya visu vyako.

Kubeba: kilo 60 haziendi na bodaboda. Nimeona watu wakijaribu kufunga chuma nyuma ya siti. Kikiteleza kwenye kona kinaua. Chukua toyo, guta au kirikuu, patana nauli kabla ya kupakia, laza chuma kitako chini na ukifunge kisibiringike. Kuinua ni kwa magoti, watu wawili, mgongo umenyooka.

Hatua ya 10: Isimike

Simama wima, kunja ngumi, mkono uning'inie. Uso wa fuawe uwe usawa wa vifundo vya ngumi hiyo. Chini ya hapo mgongo utauma, juu ya hapo bega litachoka.

Gogo la mwembe au mkorosho linafaa, kavu, lililokatwa sawa juu na chini. La mnazi silipendekezi: nje gumu, ndani laini, linapasuka. Chimba gogo kufuata umbo la kitako, sentimita 2 au 3, kisha bana fuawe kwa mikanda ya chuma na misumari ya kuzungusha. Sakafu ikiwa ya mchanga, na Dar sehemu nyingi ndiyo hali, chimbia gogo futi moja na nusu hadi mbili na ushindilie udongo kwa tabaka. Usioshe banda lako kwa maji kuzunguka gogo hilo, litaoza chini.

Kabla ya pigo la kwanza, lainisha kingo kwa tupa ziwe na mviringo mdogo, kama wa ncha ya penseli nene. Kingo kali hukata chuma unachofua na humeguka. Vaa miwani ya kazi. Usigonge uso wa fuawe kwa nyundo bila chuma chenye moto katikati, na usifulie chuma kilichopoa hadi kikapoteza wekundu. Kuchomelea uso mzima wa fuawe "ili uwe mpya" kwa fimbo za kawaida za kuchomelea, au kuuweka motoni, ni kuiua. Ukishafanya hivyo, ugumu umeondoka.

Yakitokea haya

Inalia mpaka jirani analalamika. Bandika sumaku kubwa ya spika chini ya kisigino cha fuawe (ncha isiyo na pembe), au zungushia mnyororo mzito kiunoni mwa fuawe na uukaze. Weka silikoni au kipande cha mpira wa tairi kati ya kitako na gogo. Mlio utashuka sana. Kisha zungumza na jirani mapema, mkubaliane saa za kazi.

Inaruka au kusogea kila ukigonga. Mikanda imelegea, au kitako hakijakaa sawa. Ondoa, paka chaki kitako, kalisha tena, uchonge gogo palipoacha alama ya chaki mpaka alama ienee pote.

Gololi ilidunda vizuri yadi, nyumbani haidundi. Chuma hakijabadilika. Kuna nafasi chini yake. Angalia gogo kwanza, halafu kama ni vipande vya jino la foklifti, kaza bolti.

Uso unabonyea kila pigo linapokosea. Una chuma laini. Endelea nacho ukijifunza kulenga, na ukipata sahani ngumu ya unene wa sentimita 2 hadi 3 iliyokaa sawa kabisa, ibane juu kwa bolti za pembeni. Ikiwa na upenyo hata wa karatasi chini yake, itakufanyia vibaya kuliko ilivyokuwa.

Haina pembe ya kukunjia chuma. Bomba nene lililojazwa zege, au kipande cha shafti kilichochomelewa pembeni ya gogo, hukunja ndoano na pete sawasawa. Shafti ya kipenyo cha sentimita 4 hadi 6 inatosha.

Haina tundu la mraba la kuwekea patasi ya kukatia. Chimbia patasi hiyo kwenye gogo la pili, kando. Itakuwa imara, na hutahitaji kuiondoa kila mara.

Inashika kutu usiku mmoja. Hewa ya bahari ndivyo ilivyo, na msimu wa masika huzidi. Kila ukimaliza kazi, subiri ipoe, pangusa uso kwa kitambaa chenye oili kidogo, funika kwa turubai lakini usiifunge kabisa kama kifurushi. Joto la ndani hutoa jasho. Kabla ya kuanza tena, futa oili yote juu ya uso, kwa sababu chuma cha moto kikigusa oili kinateleza na kutoa moshi.

Gogo limepasuka. Zungushia mkanda wa chuma wakati wa kiangazi likiwa kavu, kaza kwa bolti, endelea na kazi.